Mombasa Kabla Muthokoi Haujaiva

Susu wangu,

Ni mimi Ndanu, mjukuu uliyemlea hapa Mbooni. Nimeruka, Susu. Nimeruka! Jumanne nilikaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, abiria wamejaa nyuma yetu, kutoka Nairobi hadi Mombasa.

Nyumbani bado wanafuata sheria yako: mtu wetu akishika safari ya Mombasa, sufuria ya muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe inawekwa motoni, na hakuna kupakua mpaka aseme amefika. Enzi za basi, moto ulikuwa wa polepole, wa kutwa nzima, nasi watoto tulishinda na njaa tukimlaumu dereva. Basi mama naye akainjika yake asubuhi hiyo. Kwa njia ya hewani ni kilomita mia nne na kitu, chini ya saa moja. Nilipopiga simu kusema nimefika, alinigombeza: "Wacha uongo, Ndanu, maharagwe hata hazijalainika!" Alidhani ndege imeharibika tukarudi Nairobi. Ilibidi nimtumie picha ya minazi ndipo akaamini.

Nilicheka, kisha nikaingia chooni pale uwanjani nikalia. Nilikumbuka nilivyofeli mtihani wa kupanga safari. Umbali niliupata sawasawa, ila nilisahau upepo wa mbele, na ndege yangu ya karatasini ikafika mapema kuliko ndege yoyote inavyoweza. Baba mkubwa Kioko akaita kikao. Akasema masomo ya ndege yaishe, nirudi nifungue saluni Emali, na watu wazima wote wakatikisa vichwa kukubali. Wewe ulikuwa mgonjwa tayari. Ukasema kutoka kitandani, "Muthokoi ukikataa kuiva, si unaongeza kuni? Nani humwaga?" Kikao kikaishia hapo.

Nilirudia mtihani nikapita. Wiki mbili baada ya kukuzika. Hilo linaniuma, Susu, linaniuma sana. Wiki mbili tu.

Lakini sikia. Tukirudi Nairobi, mawingu yalifunguka na vilima vyetu, ambavyo tukienda huwa kushoto kwa kapteni, vikatokea upande wangu. Nikamwambia kapteni kwamba nyanya yangu amelala pale. Alinipa maiki. Nikasema, "Mabibi na mabwana, mkitazama kulia mtaona vilima vya Mbooni." Nilitaka kuongeza jina lako, nikarudisha maiki. Mhudumu aliniambia baadaye kwamba hata waliokaa kushoto walinyoosha shingo. Ndege nzima, Susu, ilikuwa inatazama ulipolala!

Baba mkubwa Kioko sasa anawaambia watu wa soko kwamba yeye ndiye aliyenipeleka shule ya urubani. Nimemwacha tu.

Pumzika, mama wa baba yangu. Kwa sasa nakuona nikirudi. Siku nitakapohamia kiti cha kushoto, cha kapteni, nitakuona nikienda. Na nitahamia.

Mjukuu wako,
Ndanu