Kiwanja cha Gazebo ya Mama

Baba,

Nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na daftari la hisabati magotini, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na sina nguvu ya kunyanyuka kutafuta jingine. Ni Jumapili, tumetoka kanisani. Kesho shule zinafunguliwa. Nina malengelenge manne kwenye kiganja cha kulia na mgongo unauma mahali ambapo sikujua kuna mgongo. Lakini nikingoja nipone, shule itanimeza na sitakuandikia.

Nataka kukueleza habari za kiwanja cha nyuma.

Wiki tatu baada ya mazishi yako, Baba Mdogo alikuja na futi yake ya kupimia. Unajua hapa Dandora ploti karibu zote zimejengwa mpaka ukutani, na yetu ndiyo imebaki na nafasi. Aliipima huku na huku, akamwambia Mama, "Shemeji, mahali wazi Nairobi hapaachwi hivi." Alitaka kuweka vyumba viwili vya mabati apangishe, atusaidie. Si mtu mbaya. Ila hapo ndipo ulipokuwa umepanga gazebo ya Mama, kibanda chake cha kukaa kivulini. Alikuwa akikutania kila ukitoka kazini, "Matajiri wa Karen unawajengea vivuli, sisi huku tunaanikwa kama omena." Nawe unamjibu, "Mama Nekesa, yako itakuwa ya mwisho, nikishamaliza makosa yote kwa wateja."

Mama aliiangalia ile futi akasema, "Sawa. Chukua."

Hilo ndilo lililoniogopesha, Baba. Siku hizi Mama hakatai kitu. Ukimwambia chai imepoa, anakunywa. Ukimwambia akalale, analala.

Unanijua, mimi si wa kusema mbele ya watu. Lakini nilisikia sauti yangu ikisema, "Hapo ni pa gazebo." Baba Mdogo akacheka mpaka akakohoa. "Itajengwa na nani? Wewe na vitabu vyako?" Mama akanitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Kisha akasema tusubiri mpaka mwisho wa likizo. Rafiki yako Fundi Mwangi akisema ardhi iko tayari, gazebo itajengwa. Asiposema, mabati yaletwe.

Mwangi ndiye aliyekuwa ametunza kwake zile nguzo ulizonunua. Alikubali kuja kuzisimamisha. "Lakini ardhi ni yako, msomi," akaniambia. "Mimi sina mkono wa kuchimba."

Basi nikaanza. Unakumbuka kiwanja kinateremka kutoka kwenye tangi la maji mpaka ukutani kwa jirani. Nilipigilia vigingi vinne, nikafunga uzi, nikatoa ule mpira wako mwembamba wa maji wa kupimia usawa. Ni kazi ya watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, kila mtu anaangalia maji yamesimama wapi. Upande wa pili niliufunga kwenye kigingi kwa kamba ya kiatu.

Jumamosi ile uliponiita nikushikie huo mpira, nilikujibu kwamba nimebakiza kurasa tatu. Haikuwa kweli. Nilikuwa mwanzoni mwa sura. Ulingoja kidogo mlangoni, ukasema, "Haya, soma," ukaenda kufunga upande mmoja mwenyewe. Sijamwambia mtu mwingine hilo. Nimekuambia wewe.

Nilichimba upande wa juu, udongo wote nikaumwaga upande wa chini. Siku nne, karai baada ya karai. Kisha nikapima. Maji yalisimama sawasawa pande zote nne, Baba, hata unywele haupiti. Nilijivuna. Nilimpigia Mwangi simu nikamwambia aje.

Alikuja na hakutoa hata pimamaji mfukoni. Alitembea tu. Upande wa chini kisigino chake kikazama, akakitoa polepole, akakiangalia. "Msomi," akasema, "hii ni keki. Nzuri, lakini keki. Maji yamekuambia iko sawa. Hayakukuambia iko ngumu."

Mchana huohuo mvua ikanyesha. Nilisimama dirishani nikaangalia kazi yangu ya siku nne ikibonyea upande mmoja kama godoro, na dimbwi likijikusanya pale pale ambapo Mama angekaa. Nililia, nakwambia ukweli. Nilikuwa nimechoka hata kulia kwenyewe kulinichosha.

Mwangi alikuwa amenieleza cha kufanya kabla ya kuondoka. Udongo wote wa kumwaga utoke. Nichimbe mpaka nifikie mahali sururu inagonga na kurudi. Halafu nijaze changarawe nyekundu, si huu udongo wetu mweusi unaovimba na kupasuka, tena nijaze kidogo kidogo. Kimo cha kiganja kimoja, maji kidogo, nishindilie mpaka sauti ibadilike, ndipo kiganja kingine. "Baba yako alikuwa haamini udongo wowote mpaka aupige," akasema.

Nikaanza upya. Chini ya ile ngozi ya udongo hapakuwa na ardhi. Kulikuwa na takataka za miaka, za kabla hata hamjahamia. Mifuko ya maziwa, soli za viatu, kichwa cha mwanasesere, redio nzima. Nilizitoa zote. Usiku nilikuwa nalala bila kuvua soksi.

Jumanne Mama alirudi kutoka kazini akanikuta ndani ya shimo, tope magotini, nimeegemea mpini tu, sichimbi. Alivua viatu, akafunga leso, akachukua ule mkebe wa rangi ambao wewe uliujaza saruji na kuuchomeka bomba liwe mpini, akaanza kushindilia. Alishindilia kama mtu anayegombana. "Huyu baba yako," puu, "angefanya hii kazi," puu, "mwaka jana." Puu. "Mimi nikimwambia Wafula, pumzika," puu, "ananiambia kesho."

Nilikuwa sijamsikia akilitaja jina lako tangu Machi. Niliendelea kumwagia udongo maji, nikiogopa akigundua kwamba anaongea ataacha. Tulifanya hivyo kila jioni hadi Ijumaa.

Jana Mwangi alikuja. Alitembea, akaruka mara tatu na mabuti yake, akachuchumaa akagonga kwa ngumi. Baba Mdogo naye alikuwa amefika na futi. Mwangi akainuka akajifuta mikono. "Leteni nguzo," akasema. Baba Mdogo akamgeukia Mama, pengine alidhani atasema sawa kama kawaida. Mama akasema, "Hapana, shemeji. Hapa pameshachukuliwa." Kisha akamgeukia Mwangi akaanza kumgombeza kwamba upande wa kuingilia hautatazama choo cha jirani, hata akilipwa na nani.

Baba Mdogo alivua koti. Ndiye aliyeshika nguzo ya kwanza ikichimbiwa, nitakuwa mwongo nisipoandika hivyo.

Sasa sikiliza. Leo baada ya ibada mama yako, Kukhu, alipiga simu kutoka nyumbani kijijini. Alituambia kwamba kaburi lako limebonyea upande wa miguu, mvua imeingia. Mimi nilijua kwa nini limebonyea. Siku ya kukuzika wingu lilikuwa limefunga, wanaume walikuwa wanakimbiza kazi, wakamwaga udongo wote mara moja, juu wakaupigapiga kwa mabapa ya sepetu ukapendeza. Nilikuwepo. Niliona ukipendeza.

Kukhu anasema tuache, watapatikana vijana wa kuongeza udongo, na hiyo si kazi ya mtoto wa kike. Sijambishia kwenye simu. Lakini Desemba tukija nitakuja na ule mkebe wa saruji, hata ukiwa mzito namna gani kwenye basi. Nitautoa udongo uliolegea, niurudishe kiganja kimoja kimoja, na kila kiganja nitakipiga mpaka sauti ibadilike. Sitaharakisha. Sitakuwa na kurasa za kumaliza.

Mpaka hapo, Baba, vumilia maji kidogo.

Binti yako,
Nekesa