Bura Alivyoponywa Akiwa Mzima

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa Endasak hatujambo, na maharage yamekubali. Unauliza kama Mungu bado anaponya kwa miujiza.

Miaka ile wahubiri walipoanza kuja na spika zao, mmoja alimwona kaka yangu Bura amesimama kwa mguu mmoja, ameegemea fimbo, kama wachunga ng'ombe wote wa huku. Akamwamuru, "Tupa fimbo, utembee." Bura, kwa adabu, akatupa, akatembea. Watu wakashangilia. Kisha akaomba arudishiwe fimbo, maana ng'ombe walishaingia kwenye mahindi.

Tulipomaliza kucheka, msichana kiwete aliyeletwa mgongoni kutoka Nangwa alikuwa ameshaondoka kwa miguu yake.

Hadi leo wakikutana mnadani, yule msichana, sasa mtu mzima, humwita Bura, "Mwenzangu tuliyeponywa pamoja." Bura huvua kofia, akaitikia amina.

Babu yako