Aliyemo Ndani ya Katuni

Jumatatu, 3 Machi

Darasa jipya limeanza! Yaani, darasa lenyewe halipo. Kila mchana wanafunzi wako kwao na simu, mimi niko ofisini na kompyuta, halafu sote tunakutana ndani ya chumba cha kuchorwa, kila mmoja kageuka katuni. Mimi nimepewa kiuno ambacho sijawahi kuwa nacho. Nimefundisha kipindi kizima nikiwa nimewapa mgongo! Fundi kompyuta ndiye aliyenishtua, kicheko kimemkaba kooni. Wanafunzi hawakusema kitu — walidhani ndivyo inavyotakiwa.

Alhamisi, 6 Machi

Maajabu. Leo tumeingia ndani ya moyo. Moyo mkubwa kama ukumbi, unatembea humo, damu inapita pembeni yako. Wengi wakawa wanakimbizana kwenye mishipa. Katuni moja tu, yenye kofia ya manjano, ikabaki nami mpaka mwisho, inaandika maswali. Kila mara inaanza: "Samahani Mwalimu, naomba turudi nyuma kidogo." Kwa nini damu haigeuzi njia? Hizo vali, vile vilango vya moyo, zinajuaje wakati wa kujifunga?

Nikaangalia jina. Kimya! Yule binti wa kule nyuma, dirishani. Walimu tulimpa jina hilo kwa sababu hajawahi kutufungulia kinywa. Nimefurahi hadi machozi.

Jumanne, 11 Machi

Sielewi. Asubuhi, darasani — lile la matofali — nimemuuliza Kimya vali ni nini. Kainamisha kichwa. Nikamchorea ubaoni. Nikamkumbusha kofia yake ya manjano. Wapi! Anavuta uzi wa sweta tu. Mchana mtandaoni ananiandikia maelezo ya vali mpaka raha.

Aibu? Au ana pacha?

Nimemweleza Mkuu wa shule. Yeye hana shaka hata chembe: watoto wa siku hizi ndivyo walivyo, sisi tufuate alama za mtandaoni. Darasa la sayansi limebakiza nafasi moja, na anataka kumpa Kimya. Nikimwambia ndiyo, anasaini. Nimemwomba anivumilie kidogo. Nasubiri nini? Mwenyewe sijui.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwita mama yake. Fundi cherehani, kaja na tepu yake ya kupimia shingoni. Nikaanza kumsifia mwanawe, nikaenda mbio na habari za darasa la sayansi. Akainua mkono kidogo.

"Samahani Mwalimu, naomba turudi nyuma kidogo."

Nikamtazama. Naye akajua kuwa nimejua.

Ni yeye! Siku zote hizo ni yeye. Anasema aliacha shule kwa ajili ya mimba ya huyu huyu Kimya, wakati darasa lao ndio kwanza linaanza somo la moyo. Wenzake wakaendelea, yeye akabaki anajiuliza damu hurudi vipi. Simu ya nyumbani ni moja. Siku ya kwanza aliingia kuchungulia tu, kisha akashindwa kutoka. Na binti? Binti anafurahi kuachiwa cherehani. "Ana mkono mwepesi kunishinda," akasema mama, na hapo akatabasamu.

Nimgombeze? Udanganyifu ni udanganyifu. Lakini mwanafunzi wangu bora mwaka huu si mwanafunzi! Na Kimya akiingia lile darasa kwa alama za mama yake, atazama. Nikisema ukweli, Mkuu atamfukuza mtoto. Kichwa kinaniuma.

Nimemwambia tu: kesho aingie mtoto mwenyewe. Akajibu, "Sawa, Mwalimu," kinyonge, kama aliyetolewa nje ya darasa mara ya pili.

Alhamisi, 13 Machi

Umeme umekatika, naandika hapa hapa mezani.

Mkuu alivuta kiti kando yangu aje amwone nyota wake. Kalamu mkononi kabisa. Kofia ya manjano ikaingia, ikasimama katikati ya moyo, haiendi mbele wala nyuma. "Muulize basi," akasema Mkuu. Nikachagua swali jepesi kuliko yote: damu ikitoka kwenye mapafu inakwenda wapi? Wenzake wakaanza kurukaruka. Halafu maandishi yakatokea, polepole:

"Sijui Mwalimu. Mama anajua."

Mkuu akasoma mara mbili. "Mama? Mama gani tena?" Akanigeukia — na kompyuta ikazimika! Ametoka, anafokea watu wa jenereta.

Tangu nimfahamu mtoto huyu hajanipa neno hata moja. Leo kanipa, na amemtaja mama yake. Kamchongea au kamtetea? Nilitaka kulia, nikataka kumkumbatia, katuni haikumbatiwi.

Jenereta imewaka. Kompyuta inarudi, moyo ule unaanza kudunda tena. Kofia ya manjano bado ipo. Imenyoosha mkono! Mkuu yuko mlangoni, anauliza huyo ni nani sasa. Na mimi sijui ni yupi, mama au binti.