Glasi ya Pili ya Dada

Mwenzangu, nimetoka kwa dada sasa hivi, mbavu sina.

Unamjua shemeji na bia yake anayojipikia stoo, anavyodai viwanda vikubwa vinauza mkojo wa punda. Leo kaleta bia mpya ya kiwandani, ile ya kuwaiga wapika bia wadogo kama yeye, tuionje mezani tuicheke.

Dada kaonja. Kamaliza glasi.

Shemeji kifua mbele: "Si niliwaambia? Maji matupu."

Dada akasogeza glasi. "Niongezee."

Niongezee, mwenzangu! Ya mumewe tangu waoane hajawahi kuomba glasi ya pili.

Shemeji akamimina, kanywea kama kuku aliyemwagiwa maji. Dada akamwambia taratibu, "Kumbe mimi bia naipenda."