Kasuku Anayekohoa Kama Mimi

Shangazi Merle mpendwa, naomba unisikilize mpaka mwisho, maana sentensi zangu ni ndefu kuliko pumzi yangu. Nina miaka ishirini na mitatu, nimezaliwa na sistiki faibrosisi, ule ugonjwa unaofanya makohozi yawe mazito kama gundi, na mapafu yangu sasa yamechoka kabisa, natembea na mtungi wa oksijeni hapa Bendigo nikisubiri simu kutoka Melbourne kwamba yamepatikana mapafu ya kunipandikiza. Hilo si tatizo, hilo nimelizoea. Tatizo ni Gavin.

Gavin ni kasuku wetu mweupe, yuko jikoni tangu nikiwa mdogo, na kila asubuhi mama akinipiga mgongo ili makohozi yatoke yeye alikuwa anatazama, basi akajifunza kukohoa kama mimi, kikohozi kilekile mpaka ile miluzi ya mwishoni, halafu anamalizia kwa sauti ya mama, "Toa, mwanangu, toa yote!" Wageni hucheka. Sasa hospitali wametuambia mtu wa kupandikizwa mapafu hakai nyumba moja na ndege, vumbi lake na kinyesi chake vina vijidudu vinavyoweza kuyaharibu mapafu mapya, na nesi Dimity akauliza, "Mna mnyama au ndege nyumbani?" na kabla sijafungua mdomo mama akasema, "Paka tu." Hatuna paka, Shangazi. Tangu siku hiyo kila tukienda kliniki nesi anauliza, "Paka hajambo?" na mama anajibu, "Hajambo, anakula vizuri," na juzi juzi akampa na jina, anaitwa Beryl.

Nilidhani ni ukaidi tu. Lakini wiki iliyopita simu ikaja, tukakimbia Melbourne, nikavalishwa gauni la hospitali, kisha daktari akaja akasema samahani, mapafu hayo hayafai, rudini nyumbani. Kesho yake nimejilaza chumbani nikasikia kikohozi changu kinatoka jikoni. Nikaenda kuchungulia. Mama amekaa mbele ya tundu na mbegu za alizeti mkononi, Gavin akikohoa anampa moja, anamwambia, "Tena, baba. Usije ukasahau." Nikarudi kitandani. Nikisema ukweli, mama atapokonywa kikohozi changu anachojiwekea akiba. Nikinyamaza, mapafu nitakayopewa yanaweza kuharibika. Nifanye nini?

Tamsin, Bendigo

*

Tamsin mwanangu, pole. Nimesoma nikalia, nimenawa uso, sasa nikugombeze. Kuna mtu mahali fulani atakufa, na ndugu zake, wakiwa katikati ya msiba, watasema chukueni mapafu yake mkampe mwingine. Nyinyi mtayapeleka wapi? Jikoni kwa Gavin! Hata haya hamna? Na huyo Beryl azikwe leo, tafadhali.

Mama Tamsin, najua unasoma, maana gazeti hili huwa unalishika wewe kwanza. Sikulaumu kwa kuogopa, hata mimi ningeogopa. Lakini unamwekea mtoto matanga na yeye bado anakuomba chai. Anayekohoa kweli yuko chumba cha pili, dada yangu. Kakae naye huko.

Tamsin, mpigie Dimity leo hii, wewe mwenyewe, si mama. Mwambie paka ni kasuku. Atafoka, mwache afoke, kufoka kwa nesi hakujaua mtu, halafu atakwambia la kufanya, na ulifanye lote. Gavin aondoke wiki hii. Jikoni kusuguliwe na mtu mwingine, wewe ukiwa nje ya nyumba kabisa. Kama hamna ndugu wa kumchukua, namchukua mimi. Niko Kyneton, mume wangu ni kiziwi wa sikio moja, tundu tutaliweka upande huo.

Mambo yakienda vibaya, na nalisema kwa sababu kwenu halisemwi, mama yako ana kiti jikoni kwangu siku yoyote, na alizeti zitakuwepo. Yakienda vizuri, njooni wote wawili. Wewe hutaingia ndani. Utasimama nje kwenye majani, nami nitafungua dirisha kidogo. Gavin akikuona ataanza kukohoa. Wewe nyamaza tu, mwache akohoe peke yake.