Alichosikia Vestine ukutani Bologna

Héritière, acha unachofanya usome. Dada Vestine amerudi leo kutoka Italia na mimi nina hasira hadi sasa.

Unajua mchumba wake Ian alimpeleka kutembea, na Kendi, dada yake Ian, akafuatana nao. Bologna kuna matao ya zamani. Ukinong'ona ukutani kwenye kona moja, mtu wa kona ya mkabala anakusikia vizuri. Wageni wengi wanapita tu bila kujua.

Vestine akasimama kona moja akatega sikio, Ian na Kendi wakaenda kona ya mkabala. Ian akanong'ona, "Nakupenda." Vestine akatabasamu peke yake.

Halafu Ian, akisahau kwamba mdomo wake bado uko ukutani, akamwambia Kendi: "Huyu hata praimari hakumaliza. Ndiyo maana namtaka. Hawezi kunibishia."

Hawezi kunibishia. Mchumba wake huyo, Héritière.

Na Kendi akacheka.

Vestine huyu ambaye kanisani anaogopa hata kuomba kwa sauti. Akageukia ukuta akasema: "Ian, nimekusikia. Wazee wenu wasije Jumamosi kuleta mahari."

Ian amemleta mpaka mlangoni hapa nyumbani Columbia Heights, anasema ulikuwa utani, utani tu baby. Vestine akafunga mlango, Ian bado anaongea.