Kiapo cha Pili cha Thabo

Turffontein,
Johannesburg.
14 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Amisa,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Natumaini hujambo, na mguu wako umepungua kuvimba. Shemeji na watoto wanaendeleaje? Mimi mzima, ila magoti yananisumbua asubuhi. Miaka thelathini na mitatu niko huku, na bado nikiamka nasikiliza kwanza kama mvua ya Morogoro inanyesha.

Siku za Jumanne na Alhamisi nakaa katika ukumbi wa kanisa hapa mtaani, nikiwasaidia watu wasio na kitu kuomba misaada ya serikali. Aliyenifundisha ni Falonne, Mkongomani wa Bukavu, mshauri mwenye subira kuliko mkunga. Tunasoma barua ya kukataliwa, tunatafuta karatasi iliyokosekana, tunamwambia mtu kwamba kukataliwa si mwisho. Rufaa ipo, na ina siku zake.

Mwezi uliopita alikuja Thabo. Ndiyo, yule mdogo wa marehemu mume wangu Nicodemus, aliyekwenda polisi wiki moja baada ya mazishi akaapa kwamba sikuwa mke wa kaka yake, nilikuwa mpangaji tu. Cheti chetu cha ndoa kilikuwa kimepotea katika kuhamahama, basi kiapo hicho kikanitoa nyumbani kwangu Soweto, akaingia yeye. Miaka kumi na mmoja, Amisa! Na wewe ulisimama nami bomani siku ya ndoa.

Alikuwa amenyimwa pensheni ya wazee kwa kukosa uthibitisho wa makazi. Nyumba ingali kwa jina la Nicodemus, na ofisi ilitaka hati ya kiapo ya mwenye nyumba au mrithi wake, si ya mwombaji mwenyewe.

"Eish, makoti," akaanza. Ndivyo ukoo wao unavyomwita mke waliyemwoa. "Nisainie basi, yaishe."

"Tangu lini mpangaji akasainia nyumba, Thabo?"

Akahamia meza ya Falonne. Falonne akaisoma barua polepole, akamwambia, "Papa, hapa anatakiwa mjane. Mjane yuko wapi?"

Nikampa masharti yangu waziwazi: aende polisi, aape kwamba kiapo cha kwanza kilikuwa cha uongo na kwamba mimi ni mke halali wa kaka yake, na nakala moja yenye muhuri iwe yangu. Baada ya saa mbili akarudi, anatoka jasho katikati ya baridi. Niliisoma hati ile mara tatu. Kisha nikasaini hati ya makazi yake, nikamjazia fomu yake vizuri. Ningeweza kuacha kisanduku kimoja wazi. Sikutaka. Nilitaka apate haki yake yote, asibaki na cha kunisingizia.

Alhamisi iliyopita pensheni yake ilikubaliwa. Jumatatu akapokea barua ya wakili wangu, yenye nakala ya kiapo chake cha pili: ahame.

Jana alinijia dawatini, barua mkononi. "Makoti, mimi nitakaa wapi?"

Nikamjibu kama ninavyomjibu kila mtu: "Dawati la makazi ni Ijumaa, mlango wa pili. Njoo mapema na kitambulisho, foleni huwa ndefu." Kisha nikamwita anayefuata.

Nisalimie Ameir, Suzan na wajukuu wote. Mola akulinde, akuponye mguu, na atupe sote umri wa kuonana.

Ni mimi dada yako, nikupendaye nikiwa mbali,
Mayasa